UCHAMBUZI: Punguzo kwa wenye vifaa vya gofu ni zawadi au chambo?

WAHENGA walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Onyo hilo linamfaa kila mchezaji gofu aliyepokea ujumbe kutoka kwa kampuni iliyomuuzia kifaa cha kufuatilia mipigo yake, ukimweleza kwamba kwa kuwa yeye ni mteja wa zamani, atauziwa toleo jipya kwa bei nafuu.

Ujumbe wa aina hiyo huandikwa kwa lugha tamu. Humshukuru mteja kwa uaminifu wake, humtajia kiasi atakachopunguziwa na aghalabu humwekea siku ya mwisho ya kuitikia mwaliko.

Yasiyotajwa mara nyingi ndiyo mazito: kifaa alicho nacho kitaendelea kuhudumiwa hadi lini, ada ya kila mwaka itakuwa kiasi gani, na kumbukumbu za mipigo aliyoipiga kwa miaka kadhaa zitakuwa mali ya nani.

Huenda msomaji akadhani hili ni suala la matajiri wachache wanaocheza gofu wikendi. La hasha. Utaratibu huo huo umo katika simu, saa za mkononi, spika na vifaa vya nyumbani vinavyotegemea intaneti. Gofu inatupa tu dirisha safi la kuutazama, kwa sababu mchezaji anaponunua kifaa hananunui chuma na plastiki pekee, bali pia hifadhi ya historia ya mchezo wake.

Chimbuko

Vifaa hivi vilipata uhai kutokana na uamuzi uliofanywa Marekani mnamo Mei 2000. Rais Bill Clinton aliagiza kuondolewa kwa hitilafu iliyokuwa ikitiwa makusudi katika mawimbi ya setilaiti za GPS yaliyotumiwa na raia. Kabla ya hapo, kipokezi cha kawaida kingeweza kukosea kwa umbali wa hadi mita 100, jambo ambalo halingemfaa mtu anayetaka kujua kama bendera iko yadi 140 au 160.

Hatua ya pili ilitoka kwa wasimamizi wa mchezo wenyewe. Mnamo 2006, vyombo vinavyotunga sheria za gofu duniani, R&A na USGA, viliruhusu vilabu na mashindano kukubali vifaa vya kupima umbali kupitia kanuni ya mahali. Kuanzia Januari 2019, vifaa hivyo vikawa halali isipokuwa pale ambapo waandalizi wamevikataza.

Ya tatu ilitoka chuoni. Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia alibuni njia ya kukadiria thamani ya kila mpigo kwa kuulinganisha na wastani wa wachezaji wengine waliopiga kutoka umbali kama huo. Ziara ya PGA ya Marekani ilianza kutumia hesabu hiyo kwa mipigo ya kutumbukiza mpira shimoni mnamo 2011, na kitabu cha Broadie kuhusu somo hilo kikachapishwa 2014.

Kutoka hapo, kila mchezaji wa kawaida alitaka kujua kile ambacho hapo awali kilijulikana kwa mabingwa pekee. Kampuni ya Arccos ya Marekani ilitengeneza vitambuzi vidogo vinavyofungwa kwenye ncha ya mpini wa kila fimbo. Game Golf ikaja na kifaa cha kuvaliwa kiunoni ambacho mchezaji hukigusa kwa fimbo kabla ya kupiga. Shot Scope ya Edinburgh, Scotland, ikaunganisha vitambuzi na saa ya mkononi. Garmin na SkyCaddie nazo zina bidhaa zao.

Kwa kuwa sheria inamruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14, mfumo kamili waweza kuhitaji vitambuzi 14, kifaa cha kupokea, programu ya simu na seva za kuhifadhi data. Kila kimojawapo kina umri wake. Betri huisha, simu hubadilika, na seva hugharimu fedha kila mwezi. Hapo ndipo wazo la kumrudia mteja wa zamani linapozaliwa.

Mshindani wa ndani

Wanauchumi walikwisha kulitambua tatizo la muuzaji wa bidhaa zinazodumu. Ronald Coase, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mnamo 1991, aliandika mwaka 1972 kwamba muuzaji wa namna hiyo, hata akiwa peke yake sokoni, hujikuta akishindana na nafsi yake. Bidhaa aliyoiuza jana ndiyo mpinzani wa ile anayotaka kuiuza leo.

Mchezaji ambaye kifaa chake bado kinampa umbali sahihi hana haja kubwa ya kununua kingine. Anayeanza leo hana kitu, hivyo atalipa bei kamili. Mwenye cha zamani atalipa tu ile tofauti anayoiona kati ya alicho nacho na kipya, na tofauti hiyo aghalabu ni ndogo.

Mnamo 1998, Drew Fudenberg na Jean Tirole walichapisha uchanganuzi wa hali hii hii. Kwa ufupi, muuzaji anayeweza kuwatambua wateja wake wa zamani ana sababu ya kuwatoza bei tofauti na ile ya wageni. Kampuni ya vifaa vya gofu inawatambua vyema kuliko duka lolote: ina majina yao, anwani zao za baruapepe, toleo walilo nalo, na mara ngapi wameingia uwanjani mwezi uliopita.

Kwa hiyo, punguzo si hisani. Ni bei iliyokadiriwa kwa mtu ambaye asingenunua kwa bei ya kawaida. Hilo si kosa, na wala si ulaghai. Biashara ndivyo ilivyo. Lakini mteja anayelichukua kama shukrani tupu atasahau kuuliza maswali ambayo angeyauliza kwa muuzaji mgeni.

Hesabu

Tuchukue mfano wa kubuni ili jambo lieleweke. Mchezaji alinunua kifaa kwa Sh30,000 miaka mitatu iliyopita. Toleo jipya linauzwa Sh36,000, naye ameahidiwa punguzo la asilimia 30 akirudisha cha zamani. Atalipa Sh25,200, na machoni pake ameokoa Sh10,800.

Sasa tuseme kifaa chake cha zamani kingeweza kuuzwa kwa mchezaji mwenzake kwa Sh12,000. Angenunua kipya kwa bei kamili na kubakia ametoa Sh24,000. Punguzo lililoonekana kama neema limemgharimu Sh1,200 zaidi, na kampuni imefanikiwa kukiondoa sokoni kifaa ambacho kingemzuia mteja mwingine kununua kipya.

Tuongeze ada. Ikiwa toleo jipya linahitaji malipo ya Sh10,000 kila mwaka ilhali lile la zamani halikuhitaji chochote, basi katika miaka mitatu mteja atakuwa amelipa Sh55,200. Nafuu ya siku moja imezaa deni la miaka.

Ndiyo maana tofauti kati ya kampuni zinazotoza ada ya mwaka na zile zisizotoza ni muhimu kuliko asilimia iliyoandikwa kwa wino mwekundu. Arccos na SkyCaddie zimejenga biashara inayotegemea uanachama wa kulipiwa. Shot Scope imejinadi kwa kutotoza ada hiyo. Anayelinganisha bei za dukani pekee analinganisha vitu visivyolingana.

Yaliyowapata wengine

Wanagofu wanaotaka kujua mwisho wa mambo haya wanaweza kujifunza kutokana na yaliyotokea kwa wapenzi wa muziki. Kampuni ya Sonos ya Marekani, inayotengeneza spika, ilianzisha mpango mnamo Oktoba 2019 wa kuwapunguzia wateja wa zamani asilimia 30 ya bei ya bidhaa mpya.

Sharti lake lilikuwa chungu. Mteja alitakiwa kuwasha hali maalumu katika spika yake ya zamani, na baada ya siku 21 spika hiyo ilikufa kabisa. Haikuweza kuuzwa, kutolewa sadaka wala kupewa jamaa. Kitu kizima, chenye sauti safi, kiligeuzwa takataka ili mwenyewe apate nafuu.

Hasira za wateja zilizidi Januari 2020, kampuni ilipotangaza kwamba bidhaa zake kadhaa za zamani hazingepata tena masasisho ya programu kuanzia Mei mwaka huo. Baadhi yake zilikuwa zimeuzwa hadi 2015. Siku chache baadaye Mkurugenzi Mkuu wa wakati huo, Patrick Spence, aliomba radhi. Kufikia Machi 2020, sharti la kuua spika lilikuwa limeondolewa, na wateja wakapewa punguzo lile lile huku wakiachiwa vifaa vyao.

Tukio hilo lina funzo kubwa. Punguzo liliwezekana bila kuharibu kitu. Uharibifu haukuwa gharama ya lazima ya mpango huo. Ulikuwa chaguo la kampuni, na wateja walipopiga kelele chaguo hilo likabadilishwa.

Google nayo ilitangaza Aprili 2025 kwamba ingeacha kuhudumia vifaa vya kwanza na vya pili vya kudhibiti joto nyumbani vya Nest, vilivyoingia sokoni 2011 na 2012. Kuanzia Oktoba 25, 2025, vifaa hivyo vilipoteza uwezo wa kuendeshwa kwa simu, ingawa bado viliweza kurekebishwa kwa mkono ukutani. Wamiliki walioko Marekani waliahidiwa kupunguziwa dola 130 wakinunua toleo la nne.

Mkasa mbaya zaidi ulikuwa wa Revolv, kifaa cha kuunganisha mitambo ya nyumbani kilichouzwa kwa takriban dola 300. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Nest mnamo 2014, na Mei 2016 seva zake zikazimwa. Kilichobaki mikononi mwa wamiliki ni kisanduku kisicho na kazi.

Mifano hii mitatu inatofautiana kwa ukali, lakini mshipa wake ni mmoja. Mnunuzi alilipa mara moja akidhani amemiliki. Kumbe uhai wa alichonunua ulikuwa umeshikwa na mtu mwingine, mbali, kwenye seva asiyoiona.

Kumbukumbu ni za nani?

Kwa mchezaji gofu, hasara kubwa kuliko ya kifaa ni ya data. Mtu aliyerekodi raundi 100 ana maelfu ya mipigo katika hifadhi. Anajua kwamba fimbo fulani humpeleka yadi 150 wala si 165 kama alivyojidanganya, na kwamba mipira yake hupotelea kulia zaidi kuliko kushoto.

Maarifa hayo yamechuma jasho lake. Lakini yamehifadhiwa katika mfumo wa kampuni moja, na kuyahamishia kwingine si jambo jepesi. Hapo ndipo punguzo la mteja wa zamani linapopata nguvu yake halisi. Mteja hakubali tu kwa sababu bei imeshuka. Anakubali kwa kuwa akienda kwa mshindani ataanza upya kama mtoto.

Sheria zimeanza kuliona hilo. Umoja wa Ulaya uliweka haki ya kuhamisha data katika kanuni zake za faragha zilizoanza kutekelezwa Mei 2018. Sheria nyingine ya umoja huo, iliyoanza kutumika Septemba 12, 2025, inampa mtumiaji wa kifaa kilichounganishwa na intaneti haki ya kuifikia data inayotokana na matumizi yake.

Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatambua katika kifungu cha 38 haki ya mhusika kupokea data yake binafsi katika muundo unaosomeka na mashine, na kuihamishia kwingine. Ni wachache wanaoifahamu, na ni wachache zaidi walioitumia.

Aidha, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Ni vigumu kuona jinsi mtu atakavyonufaika kikamilifu na kifaa bila kuambiwa kitahudumiwa hadi mwaka gani.

Ukimya huo si wa kampuni moja au mbili. Mnamo Novemba 2024, maafisa wa Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, walichapisha ripoti kuhusu bidhaa 184 zinazounganishwa na intaneti. Karibu asilimia 89 ya bidhaa hizo hazikuwa na maelezo katika tovuti za watengenezaji kuhusu muda ambao zingeendelea kupata masasisho.

Uingereza imekwenda mbele kidogo. Tangu Aprili 29, 2024, sheria yake inawataka watengenezaji wa bidhaa za namna hii kutangaza muda wa chini ambao watatoa masasisho ya usalama. Hailazimishi muda uwe mrefu, lakini angalau mnunuzi anaujua kabla ya kufungua pochi.

Mzigo wa taka

Kuna upande mwingine ambao ujumbe wa punguzo hauugusi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa 2024 ilisema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 pekee iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo.

Kitambuzi cha gofu ni kidogo kuliko kidole gumba, na mtu anaweza kusema hakina uzito katika rundo hilo. Lakini udogo wake ndio balaa yake. Kina betri ndani, hakuna fundi atakayehangaika kukifungua, na hutupwa pamoja na maganda ya ndizi.

Kenya ilipitisha Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka mnamo 2022, ambayo inamtwika mzalishaji wajibu juu ya bidhaa yake hata baada ya kuuzwa. Ikitekelezwa kwa dhati, mpango wa kurudisha kifaa cha zamani utaacha kuwa ujanja wa mauzo na kuwa wajibu wa kawaida.

Upande wa pili wa shilingi

Haki inadai tuyatazame pia ya kampuni. Programu ya simu iliyoandikwa mwaka 2014 haiwezi kuendelea kufanya kazi bila kurekebishwa kila mara Apple na Google zinapobadilisha mifumo yao. Ramani za viwanja huhitaji kusahihishwa. Mhandisi hulipwa mshahara hata pale ambapo mteja alilipa mara moja tu, miaka kumi iliyopita.

Tena, toleo jipya si lazima liwe la bure kwa thamani. Kifaa cha kwanza cha Game Golf kilimtaka mchezaji akiunganishe na kompyuta baada ya raundi. Kilichofuata, mnamo 2015, kilipeleka data kwenye simu papo hapo uwanjani. Anayehitaji uwezo huo hakudanganywa akiulipia.

Wala si kila kampuni inapaswa kulaumiwa kwa kuwapendelea wateja wa zamani. Ingekuwa ajabu wageni wapewe bei ya chini kuliko walioibeba kampuni ilipokuwa changa.

Lakini kuna njia ya tatu ambayo hutajwa kwa nadra, nayo ni kupunguza bei ya kutengeneza badala ya bei ya kubadilisha. Apple iliposhutumiwa kwa kupunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka, ilishusha bei ya kubadilishiwa betri kutoka dola 79 hadi dola 29 kwa mwaka 2018. Wengi waligundua kwamba simu waliyodhani imezeeka ilikuwa na betri iliyochoka tu.

Kampuni ya vifaa vya gofu ingeweza kufanya vivyo hivyo: kuuza betri na vitambuzi kimoja kimoja kwa bei ya haki, badala ya kumlazimu aliyepoteza viwili anunue seti nzima. Punguzo la namna hiyo lingekuwa ushahidi wa shukrani kuliko maneno matamu ya baruapepe.

Maswali ya kuuliza

Mwenye kifaa anayepokea ujumbe wa punguzo hana budi kuuliza mambo manne kabla ya kulipa. Je, cha zamani kitaendelea kufanya kazi nikikataa? Je, ada ya mwaka ni ile ile, na inaweza kupandishwa? Je, raundi zangu zote zitahamia kwenye toleo jipya, na ninaweza kuzipakua nikitaka kuondoka? Je, bei hiyo inajumuisha usafirishaji na ushuru hadi nilipo?

Swali la mwisho linamhusu zaidi mchezaji wa Nairobi, Mombasa au Eldoret. Ofa nyingi hupangwa kwa ajili ya masoko ya Marekani na Ulaya. Asilimia 30 iliyotangazwa kwa dola inaweza kuyeyuka yote njiani, kati ya nauli ya ndege na dirisha la forodha.

Ikiwa majibu ya maswali hayo ni ya kuridhisha, na toleo jipya lina jambo analolihitaji, basi na anunue bila kinyongo. Ikiwa majibu hayapatikani, ukosefu wake ni jibu tosha.

Mchezaji wa Kenya ana bahati moja ambayo wenzake wa ng'ambo wengi wameipoteza. Katika viwanja vyetu bado yuko kedi anayetembea naye, anayejua upepo wa shimo la saba na hofu ya mchezaji wake mbele ya maji. Maarifa ya kedi huyo hayahifadhiwi kwenye seva ya mtu, hayaulizi toleo, na malipo yake hubaki nchini yakalisha watoto.

Hilo halimaanishi vifaa ni haramu. Linamaanisha kwamba umbali wa kufika benderani una njia zaidi ya moja ya kujulikana, na mteja mwenye njia mbadala ndiye mteja anayeweza kukataa. Kampuni humheshimu mtu wa namna hiyo. Humwandikia ofa bora zaidi mwezi unaofuata.